Kwa Nini Rufaa ya Grisham Iliwagawa Wasomaji

Riwaya ya mahakamani huuzwa kwa ahadi. Kabla hajafungua kitabu, msomaji anajua kwamba mnyonge atanyanyasika, wakili wake ataishiwa pesa na usingizi, shahidi muhimu atatoweka, lakini kurasa za mwisho zitafuta machozi yote. Ahadi hiyo ndiyo iliyompa mwandishi wa Marekani John Grisham jina na utajiri. Mwishoni mwa Januari 2008 alitoa riwaya ya The Appeal, yaani Rufaa, na humo akaivunja mchana kweupe. Kampuni iliyotia sumu kwenye maji ya mji mzima inashinda. Mwenye kampuni anamaliza hadithi akiwa tajiri kuliko alivyoianza. Mawakili waliowatetea wafiwa wanabaki na madeni mikononi.

Ninautaja mwisho huo mapema kwa makusudi, kwa sababu ugomvi wote wa wasomaji umeanzia hapo. Kitabu kilipanda hadi kileleni mwa orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani, lakini walionunua hawakukubaliana hata kidogo. Wapo waliosema hiki ndicho kitabu chake bora kwa miaka mingi. Wapo waliokasirika wakasema wamedanganywa. Na wapo, tena si haba, waliosema hii si riwaya, ni hotuba ya siasa iliyopewa majina ya watu.

Mimi naona hasira ya wasomaji ilikuwa ya haki, ila waliielekeza pasipo mahali pake. Mwisho ule ndio sehemu yenye nguvu kuliko zote katika kitabu. Kasoro yake iko kwingine, na wachache waliitaja. Ili nieleze hilo, lazima nikisimulie kisa kwa mapana kidogo.

Kisa chenyewe kinaanzia pale ambapo riwaya nyingine za aina hii huishia. Mjini Hattiesburg, jimbo la Mississippi, juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, limemaliza kushauriana na linarudi mahakamani na uamuzi. Mdai ni Jeannette Baker, mjane wa mji mdogo wa Bowmore, aliyefiwa na mume na mtoto kwa saratani. Mdaiwa ni Krane Chemical, kampuni iliyomwaga taka za kiwanda ardhini miaka na miaka mpaka zikaingia kwenye maji ya kunywa. Juri linampa Jeannette dola milioni 41: milioni 3 kwa hasara iliyompata na milioni 38 za kuiadhibu kampuni. Mawakili wake ni mume na mke, Wes na Mary Grace Payton, ambao kesi hii imewala kila kitu. Nyumba imekwenda, magari yamekwenda, na benki inawadai dola 400,000.

Usiku uleule, New York, Carl Trudeau, mwenye hisa nyingi za Krane, yuko kwenye hafla ya hisani pamoja na mkewe kijana. Habari za hukumu zimeshamfikia. Inanadiwa sanamu moja, na yeye anainunua kwa dola milioni 18, ili wenzake matajiri waone kwamba hatetereki. Grisham haongezi maelezo. Anaziacha zile milioni 18 zisimame karibu na zile milioni 3 ambazo juri limezikadiria kuwa thamani ya mume na mtoto wa Jeannette, na msomaji anafanya hesabu mwenyewe.

Trudeau hana haja ya kumhonga mtu. Anachofanya ni kununua uchaguzi. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kusimama kidogo, maana kwetu jambo hili halipo. Tanzania, Rais huteua majaji baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kenya, mwombaji wa ujaji huhojiwa na tume ya mahakama hadharani, tena kwenye televisheni, ndipo jina lake lipelekwe kwa Rais. Mississippi, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hupigiwa kura. Wako 9, wanatoka katika wilaya 3 za uchaguzi, na kila mmoja hukaa miaka 8 kabla ya kurudi kwa wapiga kura. Anachapisha mabango, anachangisha pesa, anazunguka makanisani na kwenye viwanja vya michezo kama mgombea ubunge. Na rufaa ya Krane itafika mbele ya majaji hao 9 ambao, kwa hesabu za mawakili wa kampuni, wamegawanyika karibu sawa kwa sawa. Ukimwondoa jaji mmoja na kumweka mwingine, kesi imekwisha kabla haijasikilizwa.

Kwa hiyo Trudeau anakutanishwa na mtu anayeitwa Barry Rinehart, ambaye kazi yake ni kushindisha majaji. Bei ni dola milioni 8: milioni 1 kwenye vitabu vya hesabu na milioni 7 kupitia akaunti za nje. Rinehart anamchagua jaji wa kuangushwa, Sheila McCarthy, mwanamke mwenye msimamo wa wastani ambaye hajui hata kwamba anawindwa. Halafu anatafuta wa kumweka mahali pake.

Anampata Ron Fisk. Na Fisk ndiye sababu ya mimi kukitetea kitabu hiki.

Fisk ni wakili wa miaka 39 kutoka Brookhaven. Ni mtu wa kanisa, mume mwema, baba anayefundisha timu ya besiboli ya watoto. Hana doa. Hakuna anayempa rushwa, hakuna anayemwambia afanye hivi au vile juu ya kesi ya Krane; hata kuwapo kwa Trudeau hakujui. Watu waungwana wanamfuata, wanamwambia nchi inaharibika, familia zinashambuliwa, mahakama zimejaa majaji wanaowaonea huruma wahalifu, na kwamba yeye ndiye anayefaa. Anaamini. Kwa nini asiamini, ikiwa ni mambo ambayo alikuwa akiyaamini tangu zamani? Rinehart hakumtafuta mtu wa kuhongwa. Alimtafuta mtu ambaye moyo wake mwenyewe utampeleka kule kampuni inakotaka aende.

Sura za kampeni ndizo ambazo wasomaji wengi walilalamika kwamba zinachosha. Sikubaliani nao. Hakuna sehemu nyingine ya kitabu inayofundisha kama hiyo. Tazama jinsi kazi inavyofanywa. Kwanza anaingizwa mgombea wa bandia, Clete Coley, wakili mwenye kelele na mpenzi wa kamari, ambaye kazi yake ni kuzunguka na picha za watu waliouawa akidai McCarthy anawahurumia wauaji. Anamchafua kwa miezi kadhaa, kisha anajitoa na kumuunga mkono Fisk, ambaye sasa anaonekana mpole na mstaarabu. Halafu wapenzi wawili wa jinsia moja, wageni katika jimbo, wanapangwa waende kuomba leseni ya ndoa, wakijua watakataliwa, ili suala lifike mahakamani na mgombea aulizwe msimamo wake. Halafu bunduki. Halafu adhabu ya kifo. Fedha za makampuni zinafadhili matangazo, lakini neno kampuni halisikiki, neno maji halisikiki, na saratani ya Bowmore haitajwi hata mara moja. Wapiga kura wanaamua juu ya mambo ambayo yanawagusa kweli, na matokeo yake ni kwamba mjane mmoja anapoteza fidia yake bila mpiga kura yeyote kujua kwamba alikuwa akiipigia kura fidia hiyo.

Msomaji aliyewahi kufuatilia uchaguzi wowote, popote, anaijua mbinu hiyo hata kama hajawahi kumwona jaji akigombea.

Fisk anashinda. Anaapishwa, na kura zake za mwanzo zinakuwa za kubana fidia, kesi baada ya kesi. Kisha, wakati uamuzi wa Krane ukimsubiri mezani, mwanawe Josh anapigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la alumini. Hospitali ya kwanza inakosea, muda unapotea, ubongo wa mtoto unaumia. Gongo lenyewe ni la aina inayoshukiwa kuwa na hatari. Kwa usiku mmoja Ron Fisk anajikuta upande uleule aliokuwa akiufungia mlango: mzazi wa mtoto aliyeumizwa na bidhaa mbovu na uzembe wa wataalamu.

Hapo ndipo kila msomaji wa Grisham anapoketi vizuri kitini. Anajua kitakachofuata, kwa sababu amesoma riwaya nyingine. Jaji atafunguka macho, atakumbuka Bowmore, atapiga kura ya haki. Trudeau mwenyewe anaogopa jambo hilohilo. Fisk anakaa kando ya kitanda cha mwanawe, anafikiri, anasitasita, anateseka. Kisha anapiga kura kuitengua hukumu. Kura 5 kwa 4. Si kurudisha kesi isikilizwe upya. Ni kuifuta kabisa.

Wasomaji walikasirika sana kwa hilo. Mwalimu mmoja rafiki yangu, msomaji mkubwa wa riwaya za upelelezi, aliniambia alikifunga kitabu akakiweka juu ya kabati ili asikione. Namwelewa. Yeye ni wa kizazi kilicholelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mashujaa ambao hata wakifungwa kamba na kutupwa baharini lazima watatoka na adui atalipa. Ukimnyima msomaji huyo malipo, umemnyima sehemu ya bei aliyotoa. Lalamiko lake halikuwa la kitoto. Alisema hivi: ikiwa mtoto wa jaji ameumia na jaji bado hajabadilika, basi ule msiba wa mtoto ulikuwa wa nini? Mwandishi amemtesa mtoto bure.

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba msiba wa mtoto haukuwa bure, ulikuwa ndio jaribio lenyewe. Angekuwa Fisk amehongwa, msiba ungeweza kumgeuza, maana mla rushwa anajua moyoni kwamba anatenda maovu, na uchungu unaweza kumrudisha. Lakini Fisk anaamini anatenda mema. Kwake, kubadili kura kwa sababu mwanawe ameumia ni kuleta hisia zake binafsi mahakamani, jambo ambalo jaji mwadilifu halifanyi. Uadilifu wake ndio unaomzuia. Grisham amemwandika mtu mwema ambaye wema wake umekuwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu mwingine asiyemjua. Sijaona katika riwaya zake nyingine mhusika aliyefikiriwa kwa kina namna hiyo, na angemgeuza dakika ya mwisho angeliharibu.

Sasa nije kwa wale waliosema kitabu kimetia chumvi, kwamba mambo hayaendi hivyo. Grisham hayasikii mambo haya kwa kuhadithiwa. Amezaliwa Arkansas mwaka 1955, amekulia Mississippi, amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1981, ameendesha ofisi ya uwakili katika mji wa Southaven kwa karibu miaka 10, na kuanzia 1984 hadi 1990 alikuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Lakini ushahidi mzito zaidi haupo Mississippi, uko West Virginia, na Grisham mwenyewe aliutaja kwenye televisheni alipokuwa akikitangaza kitabu.

Mwaka 1998 Hugh Caperton, mwenye kampuni ndogo ya makaa ya mawe, aliishtaki kampuni kubwa ya Massey kwamba imemfilisi kwa hila. Agosti 2002 juri lilimpa dola milioni 50. Ikafuata rufaa. Mwaka 2004 ukawa mwaka wa uchaguzi wa Mahakama ya Juu ya Rufaa ya jimbo, mahakama yenye majaji 5. Don Blankenship, mkuu wa Massey, alitumia dola milioni 3 za kwake kumwangusha Jaji Warren McGraw na kumsaidia Brent Benjamin, wakili ambaye hakuwa na jina kubwa. Dola milioni 2.5 kati ya hizo zilikwenda kwa kikundi kilichojiita cha kutetea watoto, na matangazo yake hayakuzungumzia makaa ya mawe hata kidogo. Yalimsema McGraw kwamba amemhurumia mtu aliyewadhuru watoto. Benjamin alishinda kwa asilimia 53. Caperton akamwomba ajiondoe kwenye shauri, akakataa. Novemba 2007, mahakama ikaitengua ile hukumu ya milioni 50 kwa kura 3 kwa 2, na Benjamin alikuwa miongoni mwa wale 3.

Kitabu kikatoka wiki chache baadaye. Haiwezekani, wakasema baadhi ya wasomaji, huku shauri lenyewe likielekea Washington.

Juni 2009, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, huko Washington, iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba Benjamin alipaswa kujiondoa. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, hakusema kwamba Benjamin alikuwa amenunuliwa, wala hakuna aliyethibitisha hivyo. Benjamin alikuwa amewahi kupiga kura dhidi ya Massey katika mashauri mengine. Mahakama ilisema tu kwamba mtu mwenye maslahi katika kesi anapokuwa na mchango mkubwa kupita kiasi katika kumweka jaji kitini wakati kesi yake inasubiri, hatari ya upendeleo ni kubwa mno kuvumiliwa. Jaji Mkuu John Roberts alipinga, na katika maoni yake akaorodhesha maswali 40 ambayo uamuzi huo umeyaacha bila majibu: kiasi gani cha pesa ni kikubwa mno, muda gani lazima upite, na kadhalika. Majaji 4 kati ya 9 hawakuona njia ya kuweka mpaka. Yaani hata mahakama ya juu kabisa iligawanyika karibu kama wasomaji walivyogawanyika.

Nikilinganisha kisa cha kweli na cha kubuni, naona kwamba waliosema Grisham ametia chumvi walikosea kwa jambo kubwa na wakapatia kwa jambo dogo. Dogo ni siri. Trudeau anapitisha pesa zake gizani, kwenye akaunti za nje na vyama vya kificho, na anaishi kwa hofu ya kugunduliwa. Blankenship hakuficha kiasi hicho. Matumizi yake yaliripotiwa, yakajadiliwa magazetini, na jina lake likajulikana kabla ya siku ya kura. Sheria ilimruhusu. Riwaya ina msisimko wa siri kwa sababu riwaya inahitaji msisimko, lakini kwa kufanya hivyo inamwachia msomaji faraja ya uongo kwamba ukifichua tu, mambo yatanyooka. West Virginia mambo yalifichuka yote, na hukumu ikatenguliwa vilevile. Hapo Grisham alikuwa mpole kuliko ukweli.

Kundi la waliolalamika kwamba kitabu ni cha upande mmoja lina hoja pia, na wakili mmoja wa huku nyumbani ninayemheshimu yuko katika kundi hilo. Yeye anafanya kazi na makampuni ya bima, na aliniuliza: mbona mawakili wa wadai wote ni watakatifu? Ni kweli kwamba ndani ya kitabu mawakili wa wadai nao wanamchangia McCarthy, na wapo wanaokimbilia Bowmore kama kunguru walioona mzoga, lakini Grisham anapita haraka hapo. Mwaka 2004 Mississippi ilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha fidia ya maumivu, dola milioni 1 kwa kesi nyingi na 500,000 kwa kesi za matibabu, na walioipigania walikuwa na malalamiko yao: madaktari wanaokimbia jimbo, bima isiyolipika, juri zinazogawa mamilioni. Unaweza kuyakataa malalamiko hayo, mimi mwenyewe sehemu kubwa siyakubali, lakini riwaya inayotaka kuaminiwa ingempa mtu mmoja mwenye akili ayaseme vizuri. Fisk ndiye aliyefaa, na anayasema kwa maneno ya mabango ya kampeni tu. Hata Trudeau na mkewe wamechorwa kwa kalamu nzito: mke anayejinyima chakula, boti ya kifahari, dharau kwa kila mtu. Tajiri halisi wa namna hiyo huenda ni mcheshi, anawapenda wajukuu zake na analala usingizi mzuri. Huyo angetisha zaidi.

Lakini kasoro kubwa, ile ambayo wasomaji wenye hasira waliihisi bila kuitaja, ni Jeannette Baker mwenyewe. Tunakutana naye siku ya hukumu, amedhoofika, amechoka, hana tena machozi. Baada ya hapo kitabu kinakuwa cha wanaume wenye suti: Trudeau, Rinehart, Fisk, maseneta, mabenki. Jeannette anaonekana kwa nadra, na anapoonekana huwa ni mtu wa kuhurumiwa. Hatujui alikuwa akipika nini, anagombana na nani, anamkumbuka mwanawe kwa lipi. Matokeo yake ni kwamba hukumu inapofutwa, tunawasikitikia Wes na Mary Grace, ambao tumeishi nao, na tunaikasirikia mahakama, lakini mjane tunamkumbuka baadaye. Msomaji anaondoka na hasira isiyokuwa na sura ya mtu, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda ila kwa mwandishi. Naamini ndiyo maana wengi walimlaumu Grisham badala ya kumlaumu Trudeau.

Sisemi hili kwa nadharia. Watu wa Mombasa wanakijua kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ambao kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliuchafua kwa madini ya risasi hadi yakaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, aliugundua ubaya huo kupitia ugonjwa wa mtoto wake mwenyewe aliyekuwa akinyonya. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo na kutaka suala la kiasi lisikilizwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Simlinganishi jaji yeyote wa Kenya na Fisk; hakuna kampeni hapo, hakuna aliyempigia mtu kura. Ninacholinganisha ni uchungu wa kusubiri. Aliyefuatilia kesi ile anajua maana ya kushinda mwaka mmoja, kunyang'anywa mwaka mwingine, na kuendelea kuishi palepale na maradhi yaleyale huku makaratasi yakipanda na kushuka. Tulifuatilia kwa sababu tulimjua Omido, tuliwaona kina mama wakizungumza, tuliwasikia wakitaja majina ya watoto wao. Hilo ndilo Bowmore ililolikosa katika kitabu. Kurasa 20 za jikoni kwa Jeannette, wakati anasubiri rufaa, zingetosha, na Grisham angeweza kuzipata kwa kupunguza zile za boti.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba alipaswa kubadilisha mwisho. Tazama kilichotokea West Virginia baada ya Washington kuingilia kati. Shauri lilirudishwa jimboni lisikilizwe bila Benjamin. Novemba 2009 mahakama ilikaa upya, na Caperton akashindwa tena, safari hii kwa kura 4 kwa 1, kwa hoja kwamba mkataba uliohusika ulitaka kesi ifunguliwe jimbo jingine. Miezi mitano baadaye, Aprili 2010, mgodi wa Upper Big Branch wa kampuni hiyohiyo ya Massey ulilipuka na kuua wachimbaji 29. Blankenship alipatikana na hatia mwaka 2015 ya kula njama ya kuvunja kanuni za usalama migodini, kosa dogo kisheria, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Mwalimu wangu yule, nilipomsimulia hayo, aliuliza kama Grisham ameshaandika juu yake. Nilimwambia akishushe kwanza kile kilichoko juu ya kabati. Akikisoma tena, azipite haraka sura za New York na azisome polepole zile za Fisk kabla na baada ya mwanawe kuumia, kisha tubishane upya juu ya kura yake, maana mimi bado naona kwamba mtu yule, kwa jinsi alivyokuwa, hakuwa na kura nyingine ya kupiga.